Kliniki ya macho Upanga: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya lifti na foleni

Watu kibao wananiuliza pembeni baba Ibra alitibiwa wapi macho, sa naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Ni ile kliniki ya macho iliyo ghorofani Upanga, hapa Dar, jina nampa anayenifuata mwenyewe maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwalalamikia na sitaki kumharibia mtu biashara. Ila kwa kifupi nyota nne, na zote nne zinaenda kwa dokta mmoja mama mtu mzima aliyemuuliza mume wangu usingizi wake kabla hajamuuliza chochote kuhusu miwani.

Shida yenyewe ilivyoanza. Baba Ibra anauza spea za simu Kariakoo, ni mtu wa kushika noti siku nzima, sa siku moja akamkatalia mteja noti ya elfu kumi eti feki, imepauka, wekundu wake sio. Mteja akaja juu, kijana wa dukani akaichukua akaangalia akasema bosi mbona nzima hii. Kumbe jicho la kulia ndo lilikuwa linaona rangi zimefifia, akifumba la kulia akabaki na la kushoto noti nyekundu kabisa na tembo wake, akifumba la kushoto noti imechujuka. Alafu katikati ya alichokuwa anakiangalia kuna duara la kijivu, linamfuata popote anapoangalia. Na mistari ya daftari la wadaiwa inapinda katikati. Kitu kingine ambacho yeye alikiona cha ajabu zaidi, kwa jicho lile vitu vinakuwa vidogo kidogo, mi mwenyewe nikawa na kichwa kidogo akaona kichekesho, mi sikucheka. Maumivu hakuna, wekundu hakuna, machozi hakuna, ukimwangalia kwa nje macho safi.

Tukaanzia kwenye duka la miwani kama kila mtu anavyofanya hapa mjini. Pale unaweka kidevu kwenye mashine unaangalia kile kinyumba au puto, mashine inatoa kikaratasi, dakika mbili umeshaambiwa namba yako. Wakamwambia umri baba, ukishavuka arobaini ndo zao, jicho la kulia linataka lenzi ya kuongeza. Akavaa za kujaribia akaona nafuu kidogo kweli, tukatoa laki na ishirini na fremu ikiwemo, na juu yake wakatuongezea ile rangi ya kuzuia mwanga wa simu. Nawaandikia hili kwa makusudi, hawakutudanganya namba, namba ilikuwa sahihi kabisa kwa siku ile, na sababu yake nitaieleza mbele mtaelewa. Nnachowalaumu ni kwamba hakuna aliyeangalia ndani ya jicho, hakuna aliyeuliza kwa nini jicho moja tu, na hakuna aliyeuliza imeanza lini. Mtu jicho moja limebadilika ghafla ndani ya wiki huo sio uzee jamani, uzee unakuja taratibu na unakuja macho yote mawili.

Duara la kijivu likabaki pale pale ndani ya miwani mpya, ndo shemeji yangu mmoja akatuelekeza Upanga.

Sa nianze na kliniki yenyewe. Mapokezi wasichana wawili wazuri wana adabu ila taratibu mno, mtu unafika saa mbili asubuhi unaandikishwa, unakaa, unaitwa kulipia, unakaa tena, unaitwa kusoma herufi ukutani, unakaa. Nesi wa kusoma herufi alinifurahisha, alimfunika jicho moja moja kwa uangalifu na mgonjwa akianza kuchungulia anamwona. Alafu alimpa kikaratasi cha mirabamiraba yenye nukta katikati, unaangalia nukta tu bila kuhamisha jicho, unasema miraba ya pembeni imenyooka au imepinda. Baba Ibra akachora kwa kalamu pale inapopinda, kumbe anachora ramani ya ugonjwa wake mwenyewe. Wakampima na presha ya macho, ikawa sawa. Baadae wakamweka matone ya kutanua mboni na hapo ndo lawama yangu ya kwanza, hakuna aliyetuambia kabla kwamba ukiwekewa yale matone hutaweza kuendesha gari kwa masaa kadhaa na jua la nje litakutoa machozi. Gari tuliliacha palepale tukarudi na bajaji, mtu kajifunika leso usoni kama bi harusi. Nendeni na mtu wa kuwarudisha na miwani ya jua.

Picha ya ndani ya jicho wanaiita OCT, haina maumivu, haigusi jicho, unatazama taa ya kijani sekunde chache basi. Dokta akageuza kompyuta tukaona wote. Jicho la kushoto ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, retina, imelala tabaka tabaka vizuri na katikati pana kibonde kidogo, ndo inavyotakiwa, hapo ndo unaposomea na unapotambulia sura ya mtu. La kulia hakuna kibonde, pameinuka, na chini ya pale palipoinuka peusi. Akasema hayo ni maji. Ni kama zulia maji yamepenya chini yake likafura katikati ya sebule. Mishipa iliyo nyuma ya retina imevimba, inavujisha, na lile tabaka jembamba linalozuia maji yasipite limezidiwa. Ugonjwa una jina refu la kitaalamu ambalo nimelihifadhi kwenye simu, kwa Kiswahili cha dokta ni maji chini ya retina ya kati, na anasema tangu 1866 daktari wa Kijerumani von Graefe alishauelezea, sio kitu kipya cha simu wala kompyuta.

Na hapo ndo akaeleza ile miwani. Retina ikishainuliwa mbele na maji, jicho linakuwa kama limefupishwa, kwa hiyo linataka lenzi ya kuongeza, ndo maana mashine ya dukani ilitoa ile namba na ndo maana aliona nafuu kidogo. Maji yakikauka retina inarudi chini na miwani inakuwa haina kazi. Laki na ishirini hiyo.

Sasa sehemu iliyofanya niandike yote haya. Dokta aliacha kompyuta akageuza kiti akamuuliza, baba, unalala saa ngapi. Mume wangu akasema kawaida. Akauliza kawaida ni saa ngapi. Akasema saa nane saa tisa hivi. Nikakohoa mimi. Dokta akaniangalia, nikamwambia dokta huyu halali, anaamka anakaa kwenye ngazi hadi adhana ya alfajiri. Tangu lini? Akanyamaza mwanaume, alafu akasema tangu jengo lianguke.

Kwa msio wa Dar, ni lile ghorofa la Kariakoo lililoanguka Jumamosi asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha na waokoaji walichimba kwa siku kadhaa wakitafuta walionasa chini. Baba Ibra duka lake liko mtaa mwingine, yeye na mzigo wake hawakuguswa hata na vumbi, ila alikimbilia pale na wenzake kubeba tofali kwa mikono, alisikia watu chini, na kuna mmoja alikuwa anamfahamu. Hajawahi kunihadithia mimi vizuri, pale alimhadithia dokta dakika kama kumi mi nimekaa pembeni nasikia kwa mara ya kwanza. Baada ya pale biashara ikayumba, marejesho ya mkopo yakawa hayasubiri, kichwa kikawa hakizimi. Na hakuna mtu nyumbani wala dukani aliyefikiri hayo yana uhusiano na jicho, jicho ni jicho na mawazo ni mawazo, ndo tulivyokuwa tunajua.

Dokta hakusema jengo limempofua, na nampenda kwa hilo, hakututia chumvi. Alisema mwili ukiwa kwenye hofu muda mrefu unatoa kwa wingi homoni inaitwa kotisoli, na watu wenye ugonjwa huu mara nyingi wanakutwa nayo juu, na wanaopata sana ni wanaume wa kati ya miaka thelathini na hamsini, wale wasiotulia, wa simu mbili mkononi, wa kila kitu leo. Alitaja na daktari wa Marekani anaitwa Yannuzzi aliyeandika mwaka 1987 kuhusu hawa hawa watu wa presha ya kila kitu na maji nyuma ya jicho. Mi nilikuwa natikisa kichwa tu maana alikuwa anamsoma mume wangu.

Alafu swali la pili ambalo ndo lilifungua kila kitu, unatumia dawa gani. Hakuna dokta. Sindano je? Ah sindano za mgongo tu, pale dispensari ya mtaani, mgongo ukibana naenda wananichoma nakuwa mzima. Akaomba jina, tukapiga simu nyumbani Ibra akatusomea kwenye kadi, kumbe ndani yake kuna steroidi. Dokta akasema steroidi ni ndugu wa ile ile kotisoli, kwa hiyo mwili ulikuwa unajipiga wenyewe na sindano inaongezea. Na haijalishi inaingia vipi, iwe kidonge, sindano, dawa ya kuvuta puani au ya kupaka kwenye ngozi, zote zinaweza kuchangia. Hapo nikawaza hizi krimu za kung'arisha zinazouzwa hapo hapo Kariakoo bila karatasi ya daktari na vile vidonge vya kuongeza mwili ambavyo vingine ni deksamethasoni tupu, nayo ni steroidi, wadada mnanisikia. Ila angalizo lake, kama una pumu au daktari amekuandikia steroidi kwa ugonjwa wako usikurupuke ukaacha mwenyewe nyumbani, kuacha ghafla kuna hatari zake, rudi kwa aliyekuandikia mwambie kuhusu jicho.

Matibabu sasa, na hapa ndo nilishangaa maana nilishashika pochi. Hakumwandikia dawa. Akasema asilimia kubwa ya hawa maji yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu minne, kinachotakiwa ni sindano zile ziishe, usingizi urudi, na picha irudiwe. Baba Ibra akabisha kidogo, hakuna hata vidonge dokta? Akasema vipo watu wanavyopewa, ila utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2020 ulilinganisha kidonge kimoja maarufu na vidonge visivyo na dawa ndani na hakikushinda, kwa hiyo hela yako kaa nayo. Yakigoma kukauka ndo kuna tiba ya mwanga na leza. Na akasema ukweli mwingine kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Niambieni ni kliniki ngapi za mjini mtu anakutolea kwenye kiti bila mfuko wa dawa.

Akamwandikia na karatasi ya kumwona mtu wa ushauri nasaha. Mume wangu aliikunja akaiweka mfukoni, na nilijua itakufa humo. Kilichomwendesha sio mimi, ni jamaa yake wa dukani ambaye naye alikuwepo siku ile ya jengo na tayari alikuwa anaenda, wakawa wanaenda pamoja wanaaga wanaenda kuangalia mzigo. Hewala, mzigo.

Kwenye foleni nilikaa na mama mmoja ana binti wa sekondari, anasema mtoto haoni ubao, ghafla tu, karibu na mitihani, ameshapigwa picha hadi za kichwa na hakuna kitu. Walipotoka ndani mama anatabasamu na kulia kwa pamoja. Anasema dokta alimwekea binti malenzi mengi mengi yanayofutana nguvu, yaani kama hajamwekea kitu, binti akasoma hadi mstari wa chini kabisa. Hakumgombeza wala hakumwita muongo, alimwambia macho yako mazima, mashine zimeonyesha, na kuona kwako kutarudi, alafu akamtoa mama nje akakaa na mtoto kuongea. Mi nilipoingia nikamuuliza dokta kwa jumla tu bila kumtaja mtoto wa watu, ivi kweli mtu anaweza asione na jicho zima? Akasema anaweza kabisa na sio kwamba anajifanya. Akanihadithia wanawake wa Kambodia waliokimbilia Marekani baada ya utawala wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979, walioona waume na watoto wao wanauawa. Miaka ya themanini wengi wao huko Long Beach kule California wakawa wanafika hospitali wanasema hawaoni, wengine wanaona kivuli tu, na wataalamu wakipima macho na njia ya kwenda kwenye ubongo wanakuta vinafanya kazi. Watafiti wawili, Van Boemel na Rozée, waliwafuatilia, na waliokaa kambini na kwenye mateso muda mrefu zaidi ndo walioona vibaya zaidi. Nilitoka pale mwili umenisisimka.

Na mi pia nikatumia nafasi, mke wa mgonjwa hakosi la kwake. Kope yangu ya chini ilikuwa inacheza wiki nzima na kwetu ikicheza ya chini wanasema utalia, sa mi mwenyewe nilikuwa nimeshajiandaa kwa msiba. Dokta akacheka sana. Kope kucheza ni kamsuli kadogo kamechoka, usingizi mchache, mawazo, kahawa nyingi, inaisha yenyewe, ila ikiendelea wiki nyingi au uso nao ukaanza kuvuta nenda ukaangaliwe. Mwanamke nalala na mtu anayeamka saa nane, kope isicheze kwa nini.

Mama mkwe upande wake alikuwa na tafsiri yake, husda za watu wa Kariakoo, na alileta chupa ya maji ya kusomewa. Ya kunywa tulikunywa, hayana neno. Ya kumwagia jichoni nilikataa na mama akaninunia, ila jamani jichoni msitie kitu, sio maji ya majani, sio asali, sio maziwa ya mama anayenyonyesha, kuna watu wamepata vidonda kwenye kioo cha jicho na kuona hakukurudi. Dokta nilipomtajia hakumdharau mama, alisema tu kunywa anywe na kuomba aombe, jicho liacheni.

Tulivyorudi kwa picha ya mwisho kibonde kilikuwa kimejirudi, kidogo tu pameacha alama kwenye lile tabaka la chini. Noti nyekundu tena. Anasema kuna siku rangi ya jicho lile bado ni hafifu kidogo ukilinganisha, dokta alishatuambia inaweza kubaki hivyo. Kile kikaratasi cha miraba kipo mlangoni kwa friji, anaangalia jicho moja moja kila asubuhi akisubiri chai, mistari ikipinda tu tunarudi Upanga. Miwani ya laki na ishirini akiivaa sasa haoni mbali vizuri.

Hela. Kumwona dokta elfu thelathini, picha laki na ushee macho yote mawili, kurudia picha wanapunguza kidogo ukiomba, ombeni. Bima hawapokei bado na hili waliangalie, watu wengi wa namna ya mume wangu wataishia duka la miwani kwa sababu hii tu. Lipa namba ipo. Lifti mara zote tumekuta mbovu, kliniki ya macho wagonjwa wamewekewa matone hawaoni vidato alafu washuke ngazi ghorofa tatu kwa kupapasa, nani alipanga? Simu ya mapokezi haipokelewi mchana, tumeni meseji. Choo kisafi.

Foleni nimeshasema, ila naelewa kwa nini ipo, dokta anakaa na mtu mmoja nusu saa nzima. Nyie mnaopiga kelele pale benchini mkiona mtu kakawia ndani vumilieni, zamu yako ikifika nawe utakaa.

Nani aende pale: jicho moja limebadilika, mistari inapinda, kuna duara katikati, rangi zimefifia, au umeambiwa macho mazima na bado huoni. Ukiona kama pazia linashuka, au radi radi na vidoti vyeusi vingi kwa ghafla, au jicho limezima lote mara moja, usisubiri miadi wala kliniki binafsi, nenda hospitali kubwa yenye idara ya macho siku hiyo hiyo, hiyo ni kesi nyingine kabisa na masaa yana maana. Na ukifika kwa dokta yeyote mpe orodha ya kila sindano, kidonge na krimu, hata ile unayoona haihusu.

Jumamosi wapo hadi saa saba mchana, mama dokta anakuwepo Jumanne na Alhamisi na Jumamosi, siku nyingine kuna kijana, sijamjaribu.